Joto lisilo na kombe

Kwa nyuzi peke yake, Mombasa haijawahi hata kuingia kwenye mashindano. Ubingwa wa dunia unashikiliwa na Furnace Creek, katika bonde la Death Valley huko California: nyuzi 56.7 za Selisiasi, tarehe 10 Julai 1913. Ubingwa wa Afrika ni wa Kebili, Tunisia, nyuzi 55, tarehe 7 Julai 1931. Libya nayo ilikaa juu ya wote kwa miaka mingi kwa nyuzi 58 za El Azizia, zilizoandikwa tarehe 13 Septemba 1922, hadi mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipozifuta. Wachunguzi waliridhika kwamba aliyekisoma kipimajoto siku ile hakuwa na uzoefu nacho na huenda alikisoma visivyo. Ukitaka joto la mwaka mzima, lisilojua kupumzika, nenda Dallol katika jangwa la Danakil, Ethiopia. Huko vipimo vya kati ya 1960 na 1966 vilitoa wastani wa zaidi ya nyuzi 34, mchana na usiku vikiwa pamoja.

Mbele ya hao sisi ni wanagenzi. Kati ya Januari na Machi mchana wa Mombasa hucheza kwenye nyuzi 32 au 33. Julai hushuka hadi 28 hivi. Hata humu nchini Lodwar na Garissa zinatushinda. Ndiyo sababu kila kiangazi mtu wa bara hutazama simu yake, akaona 32, akashangaa mwenyeji wake wa Likoni analalamikia nini. Nataka kuzipanga upya rekodi hizi kwa macho ya mtu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa kuwa naamini namba ya mchana inatuficha. Nguvu za joto letu zimo kwenye unyevu wa hewa na kwenye usiku, na huko namba ile haifiki.

Siku isiyo na kivuli

Jua hupita juu ya utosi wa Mombasa mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 10 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Simama siku kama hiyo ya Machi kwenye uwanja wa shule yoyote ya Changamwe, si saa sita kamili bali saa sita na nusu hivi, maana saa ya Kenya imepangwa kwa jua la mashariki ya hapa. Utaona mlingoti wa bendera umemeza kivuli chake wenyewe.

Jua la Oktoba ni lile lile la Machi, ila mwili haulipokei sawa. Oktoba bahari bado haijasahau kipupwe na kusi haijaaga kabisa, kwa hivyo upepo unaoingia Shelly Beach au Bamburi huwa na ubaridi wake. Machi bahari imekwisha kuoteshwa jua miezi mitatu mfululizo. Kaskazi, iliyokuwa ikitupepea tangu Desemba, inakata pumzi. Tunaingia katika tanga mbili, majira ambayo upepo haujui uelekee wapi, na mara nyingi hauelekei popote. Bendera inalala. Hapo mpaka masika yashike vizuri ndipo penye joto gumu kuliko yote ya mwaka, na mwenye nyumba anayengoja Mei, mwezi wa mvua nyingi kuliko miezi yote hapa, anangoja kwa haki.

Hewa iliyobeba maji mengi kuliko zote

Kuna rekodi isiyotajwa sana ambayo kwa mtu wa pwani ina maana kuliko ile ya Death Valley. Tarehe 8 Julai 2003, huko Dhahran, Saudi Arabia, kwenye Ghuba, kipimajoto kilisoma nyuzi 42 na kiwango cha umande kikasoma 35. Kiwango cha umande ni joto ambalo hewa ikipozwa hadi hapo huanza kudondosha maji yake. Kadiri kinavyokuwa juu, ndivyo hewa ilivyobeba maji zaidi. Hesabu ya jinsi mwili unavyolihisi joto la siku ile ilifika takriban nyuzi 80. Ni miongoni mwa hewa zilizobeba maji mengi zaidi kuwahi kupimwa.

Mombasa haiko mbali na ukoo huo. Nyuzi 32 zikikutana na unyevu wa asilimia 70, kiwango cha umande huwa karibu 26, na mwili huhisi nyuzi 41. Fananisha na Lodwar: nyuzi 36 kwa unyevu wa asilimia 30 huhisiwa kama 36 au 37 tu. Mtu wa Turkana aliye chini ya mgunga ana namba kubwa zaidi kwenye simu, na wa Kisauni ana mzigo mkubwa zaidi mwilini. Na hesabu hizo ni za kivulini. Ukiingia juani huenda ukaongezewa hadi nyuzi 8 nyingine.

Sababu iko kwenye jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi za joto la mwili. Ikitiririka mgongoni na kudondoka chini, haiondoki na chochote; umepoteza maji na chumvi bure. Hewa iliyokwisha kushiba maji haina nafasi ya kupokea mengine, na hilo ndilo fukuto. Kwa hivyo mtu wa Changamwe aliyelowa shati saa nne za asubuhi hajapoa, ingawa anaonekana amelowa kama aliyetoka kuoga.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho atazame mtungi wa udongo, friji kongwe kuliko zote za pwani. Maji huvuja polepole kwenye vitundu vya udongo, hukauka nje, na katika kukauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliowekwa ukumbini, mahali penye upepo, kitako chake kikiwa kwenye mchanga ulioloweshwa, hutoa maji ya kupoza koo. Lakini una kikomo. Katika hewa ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, maji yake hayawezi kushuka chini ya nyuzi 27 hivi, hata uupepee kutwa nzima. Julai yanaweza kufika 23. Wanasayansi hupima kitu hicho hicho kwa kukifunga kipimajoto kitambaa kilicholowa. Bibi anayeonja maji ya mtungi mwezi wa Machi na kusema leo hayajapoa ametoa habari ya kweli juu ya miili ya watu wote wa mtaa wake: hewa haipokei tena.

Kikomo cha mwanadamu nacho kinapimwa kwa kitambaa hicho. Mwaka 2010 Steven Sherwood na Matthew Huber walionyesha kwamba kipimajoto cha kitambaa kikifika nyuzi 35 na kukaa hapo saa kadhaa, hata mtu mwenye afya, amekaa kivulini bila kufanya kazi, mwili wake hauwezi kujipoza tena. Ras al Khaimah katika Umoja wa Falme za Kiarabu na Jacobabad huko Pakistan zimewahi kugusa kiwango hicho kwa muda mfupi. Halafu watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, wakawapima vijana wenye afya ndani ya chumba maalumu na mwaka 2022 wakatangaza kwamba katika hewa ya unyevunyevu miili ilianza kushindwa mapema zaidi, kwenye nyuzi 31 hivi. Kati ya 27 yetu na 31 yao hakuna safari ndefu. Na wale walikuwa vijana wanaofanya kazi nyepesi, si mhamali anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji kuupandisha mlima wa Changamwe.

Usiku usiopoa

Rekodi ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote iliwekwa na watu tunaowajua. Quriyat ni mji wa pwani ya Oman, kati ya Muscat na Sur, pwani ile ile ambayo majahazi yake yalikuwa yakishuka na kaskazi hadi Bandari ya Kale, na ambayo hadi leo ina watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Tarehe 26 Juni 2018, katika saa 24 nzima, joto la Quriyat halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Hapo ndipo palipokuwa pa baridi zaidi siku hiyo, alfajiri ikiwamo. Kwa saa 51 mfululizo halikushuka chini ya 41.9.

Nasema ni kubwa kuliko zote kwa sababu mwili hulipa usiku deni la mchana. Moyo uliokimbia kutwa ukipeleka damu kwenye ngozi unahitaji saa chache za kutulia. Usiku usipopoa, siku ya pili huanza na deni, ya tatu na deni juu ya deni, na ndiyo sababu watu wengi katika wimbi la joto hawafi siku ya kwanza. Ulaya ilijifunza hivyo mwaka 2003, kiangazi kilichoua zaidi ya watu 70,000. Ufaransa peke yake ilipoteza karibu 15,000, wengi wao wazee, na wengi wakiwa peke yao ndani ya vyumba ambavyo havikupoa usiku baada ya usiku.

Usiku wa Machi pale kituo cha hali ya hewa cha Mombasa hushuka hadi nyuzi 24 hivi. Lakini kituo hicho kiko uwanja wa ndege wa Moi, Port Reitz, kwenye uwazi wenye nyasi na upepo. Kipimajoto chake, kama cha kituo chochote cha kawaida duniani, hukaa kivulini ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha hewa, kimo cha kifua cha mtu. Aliyekibuni kisanduku hicho katika karne ya 19 ni mhandisi Mskoti, Thomas Stevenson, baba yake mwandishi Robert Louis Stevenson. Ni makao mazuri kuliko ya wapangaji wengi wa Chaani, wasiofika hata mwendo wa nusu saa kutoka hapo.

Ingia kwenye chumba cha kupanga cha Mtopanga au Chaani: futi kumi kwa kumi, mabati juu bila dari, kuta za matofali ya saruji, dirisha moja dogo. Kutwa nzima mabati huoka na kuishusha hari ndani, na kuta huila na kuiweka. Jua likitua mabati hupoa upesi kwa kuwa ni membamba. Kuta hazina haraka. Baada ya sala ya Isha ndipo zinapoanza kuirudisha hari ile, na hurudisha mpaka usiku wa manane. Ukiweka kiganja ukutani saa nne za usiku utatambua kwamba kitanda cha mtoto kimeegemezwa kwenye kitu kinachotoa moto. Dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu na wezi. Jiko limepikiwa humo humo. Watu wanne au watano wanapumua, na kila pumzi inaongeza unyevu.

Watu wana hila zao, na nyingi ni nzuri. Mkeka hutandikwa uani hadi chumba kitulie. Leso hulowekwa, mtu akajifunika nayo. Kitanda husogezwa mbali na ukuta uliopigwa na jua la magharibi. Mtoto mwenye harara shingoni na makwapani huogeshwa kabla ya kulala na kuachwa bila nguo nzito, na mafuta mazito huwekwa kando, maana huziba matundu ya jasho. Hila moja naipinga: kumwaga maji sakafuni wakati mlango na dirisha vimefungwa. Kukiwa na upepo wa kupita, maji yale hukauka na kuondoka na joto. Chumba kikifungwa huongeza unyevu tu, na fukuto huzidi. Na feni isielekezwe kitandani tangu jioni. Kwanza iwekwe dirishani itoe hewa ya ndani, nje kukiwa kumepoa. Stima zikipotea, kama zinavyopenda kupotea usiku wa joto ambapo kila nyumba imewasha feni yake, basi hakuna budi kurudi uani.

Msongamano wa jioni

Kivuko cha Likoni hutajwa kuvusha watu wapatao 300,000 kwa siku, na magari elfu kadhaa. Sijui mahali pengine kwenye pwani yetu ambapo watu wengi hivyo husimama pamoja kila siku wakingoja. Mtu aliyesimama tu hutoa joto la wati 100 hivi. Umati wa watu elfu moja waliozuiwa kwenye lango, bega kwa bega, ni kilowati 100 za joto na mvuke wa pumzi na jasho, kabla hujahesabu injini za malori kando yao. Kinachowaokoa ni upepo wa mkondo wa Kilindini na ufupi wa safari, nusu kilomita tu ya maji. Feri moja ikiharibika, kungoja kukawa saa nzima, jambo hubadilika, na anayeanza kuzimia huwa ni mjamzito, au aliyetoka kazini bila kunywa maji tangu mchana.

Mfungo mgumu

Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na bahati ya kalenda imetuwekea miaka migumu mfululizo. Mwaka 2023 ilianza mwishoni mwa Machi. Mwaka 2024 ilichukua sehemu kubwa ya Machi na mwanzo wa Aprili, na mwaka 2025 Machi tena. Ni zaidi ya saa 13 bila tone la maji, ndani ya tanga mbili, kwa watu ambao wengi wao hufanya kazi ya mikono bandarini, kwenye maghala ya Changamwe, kwenye mijengo ya Kisauni. Sikumbuki mfungo unaodai busara kuliko huo: kazi nzito ifanywe alfajiri, daku liwe la maji na matunda kuliko chumvi, na mgonjwa asione haya kuitumia ruhusa aliyopewa na dini yake ya kula na kulipa baadaye. Nafuu inakuja. Mwaka 2030 Ramadhani itaangukia Januari na tena mwisho wa Desemba, kisha itaondoka kwenye kaskazi, na katikati ya miaka ya 2040 itafika kwenye ubaridi wa Julai.

Na joto haliwaumizi watu peke yao; bahari nayo iliwahi kuugua. Mwaka 1998, baada ya El Niño kali, maji ya pwani ya Kenya yalipata joto hadi matumbawe yakabadilika kuwa meupe na kufa, kwenye miamba mingi zaidi ya nusu yake. Mwaka uliofuata lilianzishwa shirika la CORDIO, lenye makao yake hapa Mombasa, kuufuatilia msiba huo. Aprili 2024 ikatangazwa kwamba matumbawe ya dunia nzima yameingia katika wimbi la nne la kuchujuka. Joto la bahari linaonekana kwanza chini ya maji, kisha kwenye vyumba vyetu.

Kivuli chenye thamani kubwa

Juni 2024, wakati wa Hija, kipimajoto cha Makka kilifika nyuzi 51.8. Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301. Namba iliyonikaa moyoni ni nyingine: asilimia 83 ya waliokufa walikuwa mahujaji wasio na kibali, waliotembea mwendo mrefu juani bila hema wala mahali pa kupumzikia. Jua lilikuwa moja kwa wote. Kilichowatenganisha ni kivuli.

Sasa njoo Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi huko katika miaka ya 1950 na kuchimba mwamba wa matumbawe hadi kikaacha shimo kubwa, jeupe, lenye mwanga wa kuumiza macho na maji ya chumvichumvi chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Tatu tu zikakubali, na iliyoshika kwa nguvu kuliko zote ni mvinje. Tatizo likawa majani yake yaliyoanguka, kwa kuwa hayakuoza na kuwa udongo. Haller akaona jongoo wenye miguu myekundu wakiyatafuna, akawaleta kwa wingi. Jongoo wakala, wakatoa mboji, mboji ikapokea mbegu nyingine, na leo mahali palipokuwa jiko la wazi ni msitu unaoitwa Haller Park. Toka barabara ya Malindi saa nane za mchana, ingia chini ya mivinje ile, na ngozi yako itakuambia tofauti kabla hujafika hatua ya ishirini.

Naitaja habari hii kwa sababu Kisauni, kwa sensa ya 2019, ndiyo kaunti ndogo yenye watu wengi kuliko zote za Mombasa: 291,930. Likoni ina 250,358. Mitaa yao inajazwa nyumba mwaka hadi mwaka, na kinachokatwa kwanza ni mwembe na mkungu wa uani. Kama mti uliweza kurudi kwenye mwamba mtupu wa Bamburi, kushindwa kuurudisha kwenye mitaa kama Mjambere au Shika Adabu hakutakuwa kosa la udongo. Freetown, Sierra Leone, iliteua mwaka 2021 afisa wa kwanza wa joto barani Afrika, Eugenia Kargbo, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwafunikia vivuli akina mama wa sokoni. Mama anayeuza samaki wa kukaanga kando ya barabara ya Likoni, jua utosini na karai mbele yake, anaungua pande mbili. Paa la soko kwake ni dawa.

Utabiri: wa zamani na wa sasa

Watabiri wa kwanza wa pwani walihesabu siku. Kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua wa Waswahili, walihesabu miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36 na siku tano za ziada. Nahodha na mkulima walijua ni mwongo upi kaskazi huanza kuvuma, upi hulegea, upi mvua hukaribia. Huo ulikuwa utabiri wa majira, na kwa majira ulitosha.

Leo Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya hutoa taarifa za siku, za wiki, za mwezi na za msimu, na kituo cha ICPAC cha nchi za IGAD huwakutanisha wataalamu wa ukanda mzima kabla ya kila msimu, mikutano iliyoanza 1998. Kwa mwambao wa tropiki, joto si kitu kigumu kutabiri. Bahari hubadilika polepole. Ikiwa na joto kuliko kawaida Februari, Machi haitakuwa na ubaridi. Kulegea kwa upepo huonekana siku kadhaa mbele. Palipo pagumu ni kuamua ni namba ipi iitwe hatari.

Tazama jinsi wenzetu walivyoamua. India huhesabu wimbi la joto kwenye vituo vya pwani pale mchana unapofika nyuzi 37 na kuzidi wastani kwa 4.5. Kwa kipimo hicho Mombasa ingeweza kumaliza mwaka bila onyo hata moja. Ufaransa, baada ya msiba wa 2003, ilichukua wastani wa siku tatu wa mchana na wa usiku pamoja. Kwa Paris ni nyuzi 31 mchana na 21 usiku. Kwa kipimo hicho Mombasa ingekuwa chini ya onyo kuanzia Desemba hadi Aprili, na onyo la miezi mitano hakuna anayelisikiliza. Vipimo vyote viwili ni sahihi kwa watu waliovitunga. Chetu lazima kitungwe hapa, na naona kiwe na vitu vitatu: usiku, kiwango cha umande, na upepo. Ahmedabad, mji wa India uliopoteza watu zaidi ya 1,300 katika joto la Mei 2010, ulitunga mpango wake 2013 kwa kuzilinganisha siku za vifo na siku za joto za mji huo huo, hadi ukaijua nyuzi inayoua Ahmedabad.

Onyo lingekuja kwa namna hiyo, lingesomeka msikitini, kanisani na kwenye redio za pwani bila mtaalamu wa kulifafanua: kuanzia Alhamisi usiku hadi Jumapili, usiku hautashuka chini ya nyuzi 26, upepo utakuwa hafifu, hewa imebeba maji mengi, kazi nzito zifanywe kabla ya saa nne asubuhi, mlio na wazee wanaoishi peke yao watembeleeni jioni, msingoje asubuhi, mtu aliyeacha kutoka jasho, anayesema maneno yasiyoeleweka, mwagieni maji, mpepeeni, mkimbizeni hospitali.

Kimya kirefu

Rekodi ya mwisho haina kipimajoto. Mwaka 2020 Luke Harrington na Friederike Otto walifungua daftari la kimataifa la majanga na kutafuta mawimbi ya joto ya Afrika kusini mwa Sahara. Tangu mwanzo wa karne ya 20 walikuta mawili tu, na vifo 71. Ulaya, kwa miaka 40 peke yake, ilikuwa na mawimbi 83 na vifo zaidi ya 140,000. Hakuna anayeamini kwamba sisi tumesalimika kwa kiasi hicho. Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa joto la hadi nyuzi 45, ikafunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Hapa jirani, Kilifi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aga Khan walikaa na wanawake wajawazito na wazazi wapya wakawasikiliza: kuchota maji na kubeba kuni juani hadi siku za mwisho za mimba, kisha mtoto mchanga ndani ya chumba kisichopoa.

Mzee wa Timbwani akifa Machi baada ya usiku wa tatu wa fukuto, cheti kitaandikwa moyo au presha, na si uongo, ila nusu yake imeachwa. Tarakimu za kuijaza nusu hiyo si ghali. Zinahitaji kipimajoto kimoja kimoja cha bei ndogo ukutani mwa vyumba kadhaa vya Chaani, Mtopanga na Mtongwe, kisomwe saa nne za usiku na alfajiri, na safu moja zaidi kwenye daftari la zahanati kuanzia Februari hadi Aprili: mgonjwa alilala wapi, chini ya paa gani, na je, usiku huo alipata usingizi.